Kutafuta kazi nyingine ukiwa bado kazini: jibu kwa fundi umeme wa Mtwara

Mkuu, umeuliza fundi umeme wa kiwanda cha korosho atafuteje kazi nyingine bila bosi kunusa. Bosi kunusa ni shida ndogo. Shida ni kwamba tangazo la kazi likitoka una kama wiki mbili, na watu wengi ndio kwanza wanaanza kusaka vyeti.

Skani cheti cha ufundi cha VETA, cha kidato cha nne, cha kuzaliwa na leseni ya ufundi umeme ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), kila kimoja faili lake. Leseni itazame tarehe ya mwisho. Kisha linganisha majina na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. Huku kwetu cheti husema Issa, NIDA ikasema Isa, na jina la tatu huku ni la babu, kule ni la ukoo. Hilo limalize sasa kwa wakili, kwa kiapo. Wasifu wa Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, ujaze wote kabla ya tangazo, kwa simu yako na barua pepe yako, si ya ofisini.

CV ndiyo inayoangusha mafundi. "Nilifanya matengenezo ya umeme" haisemi kitu. Kuwa na daftari, na kila Ijumaa andika mistari miwili: mota ya kilowati 15 iliungua, chanzo fezi moja ilikatika na ovalodi ilikuwa imewekwa juu mno; nimebadili kontakta, nimeiseti upya. Mtu wa bandarini au wa mitambo ya gesi Madimba akisoma hivyo anajua umeshika bisibisi. (Mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o, Lindi, ufuatilie, ila usiupangie kodi ya nyumba. Umesubiriwa miaka.)

Mdhamini wa kwenye CV asiwe bosi wa sasa. Mwombe msimamizi aliyekwisha kuhama au mwalimu wako wa VETA, na mjulishe kabla hajapigiwa.

Usaili wa Dar unakula siku tatu: kwenda, usaili, kurudi. Masika ongeza ya nne. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, njia ilikatika Somanga. Tumia likizo yako ya mwaka, siku 28 kisheria, na usizimalize zote Agosti, kwa sababu msimu wa korosho ukianza Oktoba ruhusa ni ngumu. ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika) ya kughushi usiiguse, hiyo inakufukuzisha.

Ukipata, usiandike barua ya kuacha kwa ahadi ya simu. Subiri mkataba uliosainiwa, wenye mshahara na tarehe ya kuanza. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 au zaidi, kadiri mkataba unavyosema. Haitolewi ukiwa likizo wala haiendi sambamba na likizo. Wengi hukwama hapo. Ukigoma kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukukata mshahara wa siku hizo kwenye malipo yako ya mwisho. Kama mkataba wako ni wa muda maalumu, usome kwanza, maana kuuvunja katikati bila kosa la mwajiri kunaweza kuleta madai.

Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka usikihesabu ukiacha mwenyewe. Dai malipo ya likizo uliyobakiza na hati ya utumishi, na ukague michango yako NSSF mwezi kwa mwezi ukiwa bado unaingia getini. Ukishatoka, mhasibu hapokei simu.