Muulize Mjomba: Nani kasoma Mlimani, nani kasingiziwa

Toleo lililopita nilikigusa kidogo tu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM, ambacho wengi tunakiita Mlimani), simu yangu haijapumua mpaka leo. Nimechagua maswali machache. Mengine yalikuwa ni matusi ya watu wa vyuo vingine, hayo nimeyaacha yakae huko huko kwenye simu.

Shikamoo Mjomba. Kwenye grupu letu la wasap kuna mtu kang'ang'ania kwamba marais wote wa Tanzania wamesoma Mlimani, tumebishana hadi admini kafunga grupu. Nani mkweli? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora)

Marahaba mpwa wangu. Waliokaa darasani pale ni wawili tu. Kikwete, uchumi, kamaliza 1975, na Magufuli ambaye ndo kapiga kambi kuliko wote, shahada ya ualimu wa kemia na hisabati 1988, masta 1994, halafu PhD ya kemia 2009 akiwa tayari ni waziri. Wengine hapana. Mwalimu Nyerere kasoma Makerere na Edinburgh, na hebu fikiria mwenyewe, chuo kimefunguliwa Oktoba 1961, wakati huo yeye ni waziri mkuu, angekaa dawati gani? Alikuja kuwa Mkuu wa Chuo, hiyo habari nyingine. Mkapa naye ni Makerere, Kiingereza, kamaliza 1962, alipoanza masomo yake Dar hakukuwa na chuo kikuu kabisa, na hata kilipofunguliwa walianza na sheria peke yake, wanafunzi 14, kwenye jengo la TANU, chama tawala cha wakati huo, mtaa wa Lumumba, huko mlimani kwenyewe wamehamia 1964. Mzee Mwinyi alikuwa mwalimu wa kupitia vyuo vya ualimu. Mama Samia kapitia IDM, chuo cha uongozi cha Mzumbe, alichopewa na Mlimani Novemba 2022 ni udaktari wa heshima, na huo hata ukipewa haina maana ulishawahi kula sapu, yaani kurudia mtihani, pale.

Kwa hiyo mwambie admini afungue grupu.

Mjomba habari za huko. Mimi niko Kampala, nasikia Museveni alisoma Dar. Sasa Makerere tulikuwa nayo hapa hapa na sifa inazo, alifuata nini huko? (Mama wa Ntinda)

Nzuri dada yangu. Hili swali nimelipenda, ngoja nikae vizuri.

Kwanza kuna mambo ya mpangilio. Kuanzia 1963 Makerere, Nairobi na Dar zilikuwa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na waligawana kazi, udaktari unausoma Makerere, uinjinia Nairobi, sheria Dar. Ndo maana ukichunguza mawakili na majaji wa rika lile wa Kenya na Uganda unakuta wengi wamepitia Dar, siyo kwamba walipenda joto letu. Hata baada ya vyuo kuachana Julai 1970 ile sifa ya sheria ilibaki, Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya 2011 ni zao la pale.

Lakini Museveni hakufuata sheria, yeye kasoma siasa na uchumi, 1967 hadi 1970, na mwenyewe ameshaeleza kwamba alivutwa na Tanzania ya Nyerere. Na hapa watu wanakosea, wanadhani ni zile kuta za chuo ndo zinatengeneza viongozi. Kuta ni kuta. Dar ya miaka ile ilikuwa na ofisi ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika, na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walizaliwa pale pale mjini 1962, yaani mwanafunzi anatoka lekcha ya nadharia ya mapinduzi, anapanda basi kwenda mjini, anakutana na mtu anayepigana kweli. Museveni na wenzake wakaunda umoja wao wa wanafunzi wanamapinduzi, USARF, yeye mwenyekiti, na 1968 wakaingia mpaka Msumbiji kwenye maeneo yaliyokombolewa. John Garang wa Sudan naye alikuwepo kwenye hicho kikundi baada ya kumaliza digrii Marekani. Halafu kwenye ubao wa darasa kasimama Walter Rodney, kijana kutoka Guyana, anafundisha historia, jioni anafanya mdahalo na ukumbi unajaa mpaka madirishani. Kile kitabu chake cha 1972 cha jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma kakiandika akiwa hapo hapo Dar. Aliuawa kwa bomu kwao Georgetown, Juni 1980, ana miaka 38.

Wanafunzi wakawa na jarida lao, Cheche, linachapwa kwa taipureta na mashine ya stensili. Mmoja wa wahariri alikuwa Zakia Meghji, ndiyo, yule yule aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kushika wizara ya fedha Tanzania. Issa Shivji akaandika humo uchambuzi wake wa matabaka akiwa bado kijana kabisa, serikali ikaona hawa sasa wanatusema sisi, Novemba 1970 jarida na USARF vyote vikapigwa marufuku. Shivji akabaki hapo hapo chuoni, akafundisha sheria miongo kadhaa, na 2008 akapewa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha heshima cha kitaaluma pale chuoni, awe wa kwanza kukikalia. Kwangu mimi ukiniuliza mtu mmoja wa kuieleza Mlimani ni nini, nakutajia Shivji kabla sijataja rais yeyote.

Ongezea Mnyarwanda Donald Kaberuka, aliyeongoza Benki ya Maendeleo ya Afrika 2005 hadi 2015, digrii ya kwanza kachukua Dar. Hao wanamapinduzi wengine sasa wako madarakani mpaka wajukuu zao wamemaliza chuo, ila hayo Mjomba hayamhusu, ana mashamba ya kulima.

Mjomba, babu yetu anasema alifukuzwa chuo na Nyerere mwenyewe kwa mdomo wake. Sisi tunamwona anatia chumvi. (Wajukuu, Moshi)

Muombeni radhi babu. Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu na majoho yao kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, maana serikali ilitaka wasomi nao waende kambini, halafu miezi 18 kazini walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Hilo lingeweza kujadiliwa jamani, lakini kuna bango lilisema afadhali ukoloni. Mbele ya Mwalimu! Miaka mitano tu ya uhuru! Aliwasikiliza mpaka mwisho, akaja juu, akasema na mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akakata wake kwa asilimia 20 hapo hapo, na wao wakarudishwa makwao, karibu 400. Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika, alikuwa kwenye huo msafara. Wengi walirudishwa baadaye wakamaliza, kwa hiyo babu kama ana cheti na alifukuzwa pia, vyote vinawezekana.

Mjomba samahani, Kikwete ndo anaendesha chuo sasa hivi? Maana kwenye mahafali ndo anatunuku digrii. (Muuza stationari, Ubungo)

Hapana. Yeye ni Mkuu wa Chuo, kateuliwa 2016, kazi kubwa ya pale ni hiyo unayoiona kwenye mahafali. Anayesaini, anayegombana na wahadhiri, anayetafutwa bumu, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, likichelewa hata kama bumu siyo lake, ni Makamu Mkuu wa Chuo. Profesa Anangisye kakipokea hicho kiti 2017 kutoka kwa Profesa Mukandala. Wa kwanza kabisa 1970 alikuwa Pius Msekwa, ambaye hakuwa hata profesa, alikuwa mtu wa Bunge na TANU, na watu walinuna kweli kweli, baadaye ndo akawa Spika. Aliyekaa muda mrefu ni injinia Matthew Luhanga, 1991 hadi 2006, yule ndo kakikuta chuo kimechoka, mabweni yamechoka, akaanza kukifanyia mageuzi.

Mjomba wa huko bara, sisi wa pwani tunajua Kiswahili ni chetu. Hao maprofesa wa Mlimani wametuongezea nini? (Kijana wa Mombasa)

Ha! Umeanza ubishi wa pwani. Basi nikutajie na mtu wa pwani, Ebrahim Hussein kutoka kusini huko Kilwa, kaandika tamthilia zake kubwa za mwanzo akiwa Mlimani na zimesomwa mashuleni mpaka kwenu Kenya. Penina Muhando kafundisha sanaa za maonyesho pale na kuandika tamthilia kwa Kiswahili wakati wenzake wengi wasomi wa Afrika wanaandika kwa Kiingereza. Mwandishi Kezilahabi wa Ukerewe alitoka mwanafunzi akawa mhadhiri, akaleta ushairi usio na vina na mizani, wazee wa pwani wakamshukia kama mwewe, sijui kama babu yako hakuwemo. Alifariki Januari 2020. Halafu kuna TUKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo, sasa hivi TATAKI, ndo waliotoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ya 1981, ambayo nina hakika hata mwalimu wako wa shule aliifungua.

Mjomba, mama kasoma udaktari Muhimbili akamaliza 1995. Yeye ni wa Mlimani au siyo? (Binti, Morogoro)

Ni wa Mlimani. Muhimbili imejitegemea 2007 tu, mwaka mmoja na Chuo Kikuu Ardhi, kabla ya hapo ilikuwa chini ya UDSM. Na wewe uliye Morogoro ujue hata Sokoine ilikuwa kitivo cha kilimo cha Mlimani mpaka 1984. Hao wa SUA, yaani hiyo hiyo Sokoine, walionitukana wiki hii, baadhi yao nahisi vyeti vyao vimeandikwa Dar es Salaam.