Uliza, Ujibiwe: Picha za Boti na Gari Wakati Huu wa Korona

Barua za mwezi huu wa Mei 2020 karibu zote ni za maradhi, na nyingi nimezipeleka kwa daktari wetu wa ukurasa wa afya. Tatu nimezizuia mwenyewe, kwa sababu zinahusu kitu nilichokipenda tangu ujana wangu: kupiga picha vyombo vya usafiri. Naanza na ya Pemba, ambayo nimeisoma mara nne baada ya daku na usingizi ukanipaa.

Shikamoo babu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Mkoani, nina miaka 24. Tangu skuli zifungwe mwezi wa Machi nipo nyumbani na mama, ambaye ana presha na sukari. Napenda sana kupiga picha boti zikifunga gatini na gari za abiria zinazokwenda Chake. Nilianza na simu, sasa nina kamera ya mtumba aliyoniachia mjomba. Kila mwaka, siku mbili tatu kabla ya Idi, hushuka gatini nikawapiga picha watu wanaorudi kutoka Unguja na maboksi yao. Mwaka huu sheha amepita akikataza mikusanyiko, na mama ameapa kwamba nikishuka gatini nisirudi ndani kwake. Kaka anasema kilichokatazwa ni mkusanyiko, si mtu mmoja na kamera yake. Nani ana haki? Na kama ni mama, kamera hii niifanyie nini mpaka haya yapite? — Mwalimu, Mkoani

Marahaba, mwanangu. Ukiyachukua maneno ya katazo kama yalivyo, kaka yako hajakosea. Huku kwetu hatukufungiwa majumbani kama walivyofungiwa watu wa Italia. Skuli zimefungwa, harusi na mihadhara imezuiliwa, tumeambiwa tunawe mikono, tuvae barakoa, tusibanane. Mtu kutembea peke yake barabarani hakukatazwa. Lakini gatini huwezi kuwa peke yako. Boti ikishafunga, wachukuzi wanakupita huku na huku, abiria anakuegemea avae viatu, na wewe jicho lako limo ndani ya kamera, huoni nani amekohoa nyuma yako. Mama yako ana haki.

Nasema hivi kwa yaliyonipata. Mwezi wa Machi, siku chache baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza hapa Zanzibar, nilikwenda bandari ya Malindi, hapa hapa Unguja, na kamera. Nilijua watu watakuwa wengi, kila mmoja anakimbilia kwao, nami niliitaka ile picha. Niliipata. Nikarudi nyumbani, mke wangu akanifungulia mlango. Yeye ana pumu ya miaka mingi, na pale mlangoni ndipo nilipoingiwa na khofu ambayo sikuwa nayo kule bandarini. Sikuingia. Nilizunguka nyuma, nikajifungia chumba cha uani siku 14. Chakula aliniwekea kizingitini, akagonga, akaondoka. Alhamdulillahi hapakutokea kitu. Lakini ile picha ya Malindi mpaka leo sijaweza kuitazama vizuri, kila nikiifungua nauona ule mlango.

Sasa sikiliza kilichotokea humo chumbani, maana ndicho ninachotaka ukichukue. Chumba kile kina dirisha dogo la vioo vya kupandisha na kushusha, linaitazama barabara ya Bububu. Daladala za njia ya 502 zinapita hapo mchana kutwa. Siku mbili za mwanzo sikuishika kamera. Siku ya tatu nikaona gari imesimama kumteremsha mtu, na nyuma yake, pale utingo anaposimama, imefungwa ndoo ya manjano yenye bomba la plastiki, kwa mpira wa tairi uliokatwa ukanda. Kipande cha sabuni kimetiwa ndani ya soksi, kinaning'inia kwenye mkono wa ndoo. Abiria akanawa, maji yakamwagikia viatu vya aliyekuwa nyuma yake, wakacheka wote wawili, akapanda. Miaka zaidi ya thelathini nimepiga picha daladala, sijapata kuona gari yenye ndoo ya kunawia. Nikaanza kuzipiga moja moja. Nyingine ndoo nyekundu, nyingine dumu la mafuta ya kula lililotobolewa, nyingine mtungi wa maji umewekwa ndani juu ya kiti. Gari ni zile zile ulizozijua, lakini hazijawahi kuwa hivi, na maradhi yakiondoka, inshaallah, ndoo zitarudi jikoni na hapatakuwa na wa kuzikumbuka.

Kwa hiyo kamera usiiweke kabatini. Badilisha pa kusimama tu. Wewe Mkoani una bahati ambayo mimi sina: mji wenu umekaa kilimani na bandari iko chini yenu. Panda juu, tafuta pahala panapoonesha ghuba yote, usimame peke yako. Kutoka hapo unatazama magharibi, basi nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako linaimulika meli ubavuni. Jioni jua linakuwa nyuma ya meli, utapata umbo jeusi tu juu ya maji, ambalo nalo lina uzuri wake lakini jina la chombo halisomeki. Na masika haya yasikuudhi. Mvua ikishanyesha ikakatika hewa huwa safi, na utayaona mawimbi ya kusi yakiupasukia ubavu wa meli. MV Mapinduzi II ikigeuka kutafuta gati, ukiwa pale juu utaiona yote, mbele mpaka nyuma. Ukiwa gatini unapata ukuta wa chuma na vichwa vya watu. Tena gatini ni eneo la ulinzi. Hata kabla ya korona mlinzi alikuwa na haki ya kukuuliza kibali, na akikuuliza mjibu kwa adabu na uteremshe kamera.

Picha ya kabla ya Idi, hiyo najua ndiyo inayokuuma. Bila shaka unayo ya mwaka jana. Itafute, uangalie ulisimama wapi na saa ngapi. Siku ile ile mwaka huu, kabla ya Idi, ipige bandari kutoka juu, saa ile ile. Kama watakuja watu wachache piga wachache, kama gati litakuwa tupu piga tupu. Ziweke picha mbili hizo pamoja. Mimi naamini hiyo ya mwaka huu ndiyo watu watakayokuomba baadaye, ingawa utaipiga kwa unyonge.

Kwa gari za abiria, ukae mbali na kituo. Chagua kona ya barabara ya Chake yenye mwinuko, ambapo dereva hupunguza mwendo, usimame ng'ambo ya mtaro. Kama kamera ya mjomba inakuruhusu kuweka mwendo wa shata, yaani muda inaofunguka kuingiza mwanga, iweke 1/30 au 1/60 ya sekunde. Tanua miguu, bana viwiko mbavuni, ikamate gari ikiwa bado mbali, uifuate kwa kiuno na si kwa mikono, ubonyeze huku unaendelea kugeuka. Migomba ya nyuma itavutika iwe mistari na gari itabaki imetulia. Utaharibu kumi upate moja. Hiyo ndiyo hesabu yake hata kwangu.

Na andika. Namba ya njia, kama ni 603 yako ya Mkoani au 606 ya Wete, tarehe, saa, pahala, na kama unamjua dereva, jina lake kwa idhini yake. Nalisema hili kwa uchungu. Hapa Unguja tulikuwa na reli, kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, iliyoanza mwaka 1905 na kwisha kabisa mwaka 1928. Nina kadi ya posta ya treni ile, inapita katikati ya nyumba karibu sana, mtu angeweza kunyoosha mkono kibarazani akaigusa. Mbele amesimama mtu mmoja ameshika chuma. Nyuma ya kadi hapana neno, si mwaka, si jina lake. Aliipeleka treni ile mjini kila siku na hatutamjua kamwe.

Ukirudi nyumbani, kamera ifute kwa kitambaa, nawa, kisha mwoneshe mama picha kabla hujamwonesha mtu mwengine. Mwambie ulikuwa kilimani.

Babu, nakaa Kiembesamaki karibu na uwanja wa ndege. Ndege za nje zimesimama tangu Aprili na nilikuwa nazipiga kila siku. Sasa hakuna kitu. Nifanye nini? — Kijana wa Kiembesamaki

Kipo kitu, mwanangu, ila ulikuwa hukitazami. Zile ndogo za injini moja, za aina ya Cessna Caravan, zinazokwenda Pemba na Dar es Salaam, ulikuwa unaziona takataka mbele ya mandege ya watalii. Zisome sasa. Kila ndege ya Tanzania ina herufi zinazoanza na 5H ubavuni, ziandike kwenye daftari kila unapoiona, na baada ya mwezi utaijua ratiba ya kila moja kwa mlio wake. Piga kutoka juu ya dari la kwenu. Usisogelee uzio wala usining'inie juu yake: uwanja wa ndege haupigwi picha bila ruhusa, na askari wana mengi ya kuwashughulisha sasa.

Mjomba, mimi ni Mzanzibari nipo London mashariki, napenda kupiga picha mabasi. Huku tumefungiwa tangu tarehe 23 Machi. Nikitoka na baiskeli kufanya mazoezi, naweza kusimama kituoni nikapiga mabasi? Jirani ananitisha na polisi. — Mpwa wako wa mbali

Mpwa wangu, sheria ya huko ni nyengine na lazima uifuate ya huko. Umeruhusiwa kutoka kwa chakula, dawa, kazi isiyofanyika nyumbani, na mazoezi mara moja kwa siku. Kupiga picha hakumo. Ukiwa katika mwendo wako karibu na kwenu, basi likapita ukalipiga na ukaendelea, sidhani kama kuna wa kukulaumu. Kusimama kituoni saa nzima kulisubiri ni jambo jengine, na hapo jirani yako anakupenda.

Kulipanda basi kwa ajili ya picha usithubutu. Madereva kadhaa wa mabasi ya London wamekwishafariki kwa maradhi haya, Mwenyezi Mungu awarehemu, na tangu tarehe 20 Aprili abiria wameambiwa wapandie mlango wa kati, mbali na dereva. Kiti hicho ni cha muuguzi anayekwenda spitali. Ila mlango huo wa kati ndio picha yako: abiria wanaingia pale walipozoea kutokea, na mbele dereva kabaki peke yake nyuma ya kioo. Dirisha lako kama linatazama barabara, kaa hapo jioni taa za ndani zikishawaka, zima taa ya chumbani kwako kioo kisirudishe sura yako, usubiri lisimame. Namba ya basi na tarehe iandike, kisha uniletee moja.