Vitabu vya kutengeneza tovuti: anza na visivyochakaa haraka

Mkuu, umesema una orodha ya vitabu kumi na viwili vya kutengeneza tovuti na hujui uanze na kipi. Nitakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe: punguza hiyo orodha.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa kinene, cha fremuweki (msimbo uliotengenezwa tayari wa kujengea tovuti) iliyokuwa ikivuma wakati ule. Nilikisoma miezi minne. Nilipofika sura za mwisho toleo jipya lilikuwa limeshatoka, na nusu ya mifano ikagoma. Tangu siku hiyo, kinachobadilika kila mwaka nakisoma kwenye nyaraka zake rasmi. Vitabu naviachia yale yanayodumu.

Kwa HTML, inayopanga maudhui ya ukurasa, na CSS, inayoupa mwonekano, wengi watakuelekeza kwa Jon Duckett, kitabu chake cha 2011. Ni kizuri, kina picha na rangi, na asiyejua chochote haogopi kukifungua. Ila kilitoka kabla ya Grid, njia ya CSS ya kupanga ukurasa, kuingia kwenye vivinjari mwaka 2017, kwa hiyo ukifika kwenye mpangilio wa ukurasa kifunge, nenda MDN, tovuti ya nyaraka za wavuti, ukajifunze Grid na mwenzake Flexbox. MDN ni bure.

Kilichonibadilisha mimi ni Resilient Web Design cha Jeremy Keith, cha 2016. Nacho ni bure mtandaoni, tena kifupi, wikiendi moja inatosha. Hakikufundishi kuandika msimbo. Kinakueleza wavuti ina tabia gani. Kivinjari kikikutana na tagi ya HTML (alama inayozunguka maneno) kisiyoijua, kinaipita na kuonyesha maneno yaliyomo. Kanuni ya CSS kisiyoielewa kinairuka. JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, haina huruma hiyo: kosa moja linaweza kusimamisha skripti nzima, yaani programu iliyoandikwa kwa lugha hiyo.

Niliposoma hapo nilikumbuka fomu ya maombi niliyokuwa nimemtengenezea mteja. Kitufe cha kutuma kilitegemea skripti peke yake. Mtu mwenye mtandao hafifu akibonyeza kabla skripti haijafika, kimya. Siku mbili nzima nilikuwa nimetafuta kosa kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), na seva haikuwa na kosa lolote. Nikaijenga upya: fomu ya kawaida ya HTML inayojituma yenyewe, kisha skripti juu yake kwa ajili ya kukagua majibu. Malalamiko yakaisha. Hakuna kitabu kingine kilichonilipa haraka namna hiyo.

JavaScript yenyewe soma Eloquent JavaScript cha Marijn Haverbeke. Toleo la 4 ni la 2024 na linasomeka bure. Si chepesi, nakuambia mapema. Nilikwama sura ya 5, kwenye fanksheni (vipande vya msimbo vinavyofanya kazi fulani) zinazopokea fanksheni nyingine, nikakiacha kabisa. Niliporudi nilifanya kila zoezi kwa mkono wangu bila kuchungulia majibu, na ndipo kikafunguka. Ukikisoma kama hadithi utafika mwisho mikono mitupu.

Kisha Steve Krug, Don't Make Me Think, cha kufanya tovuti iwe rahisi kutumia. Kilitoka mwaka 2000, toleo la tatu ni la 2014. Picha za tovuti zilizomo ni za zamani, zisikusumbue. Anashauri asubuhi moja kila mwezi uwakalishe watu watatu, mmoja mmoja, uwatazame wakitumia tovuti yako. Nilianza na jirani yangu. Alitafuta kitufe cha kulipia hadi akakata tamaa, na kilikuwa mbele ya macho yake: maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe. Niliyaona ya kupendeza. Yeye hakuyaona kabisa.

Hapo ndipo nilipoenda kusoma WCAG, mwongozo wa kuifanya tovuti itumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, ambao kwenye orodha yako haumo na ningependa uuongeze. Kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida, kiwango chake cha kati, AA, kinataka utofauti kati ya rangi ya maandishi na ya mandharinyuma usiopungua 4.5 kwa 1. Nilipoyapima yangu, hayakufika hata 3.

Kwa hiyo wikiendi hii soma Keith. Jumatatu fungua Duckett huku kihariri, programu ya kuandikia msimbo, kiko wazi pembeni, na Haverbeke msubirishe mpaka uwe umejenga kurasa mbili tatu zako mwenyewe.