Maswali ya Nyumba: Feni ya Bafuni Inavuta, Lakini Mvuke Unaishia Darini

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya zamani hapa Minneapolis, Minnesota. Majira ya baridi yaliyopita, kila baridi ilipozidi, feni ya kutoa mvuke bafuni ilikuwa ikidondosha maji sakafuni, na sasa doa la rangi ya chai limejitokeza kwenye dari kuizunguka. Fundi wa paa alipanda, akakagua, akasema paa ni zima. Mume wangu alipochungulia darini kwa tochi alikuta bomba la plastiki lililokunjamana, limelazwa juu ya sufi ya kuzuia baridi, na mdomo wake haujaunganishwa na kitu chochote. Je, maji haya yanatoka wapi, na fundi tumwambie afanye nini?

JIBU: Dada yetu, fundi wa paa amekwambia kweli. Maji hayo yanatoka bafuni kwenu. Mnapooga maji ya moto, feni huuvuta mvuke na kuusukuma juu, kisha bomba lile huutema darini, mahali ambapo kwa majira ya baridi ya Minnesota pana baridi inayokaribia ile ya nje. Sufi hiyo ikifanya kazi yake vizuri, joto la vyumba hubaki vyumbani na darini huzidi kuwa baridi, na ndiyo sababu nyumba iliyozuiwa baridi kikamilifu huumizwa zaidi na kosa hili kuliko nyumba inayopitisha joto ovyo.

Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke wa maji, lakini hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi. Zinazobaki huganda. Mwombe shemeji achungulie tena asubuhi yenye baridi kali, naye ataona ncha za misumari ya paa zimevaa sakitu nyeupe, na huenda upande wa chini wa plaiwudi umefunikwa barafu nyembamba au umeanza kuota ukungu mweusi. Barafu hiyo hukaa kimya kwa wiki kadhaa, kisha siku jua linapolipasha paa joto huyeyuka yote kwa mkupuo na kudondoka, hata kama hakujanyesha tone la mvua. Matone yanayotoka kwenye feni yenyewe yana njia fupi zaidi: mvuke hugusa ukuta wa bomba lililopoa, hugeuka maji, nayo huteremka hadi kwenye feni.

Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani zinataka hewa ya bafuni itolewe nje kabisa ya jengo, na zinakataza kuiachia darini. Fundi akikwambia kwamba darini pana matundu ya kutosha kuukausha mvuke, tafuta fundi mwingine.

Sasa njia ya bomba. Kama ukuta wa kando wa nyumba, ule unaopanda hadi kwenye pembe ya paa, uko karibu na bafu, mimi ningelitoa bomba hapo, kwa sababu halihitaji tundu kwenye paa na linaweza kuinamishwa kuelekea nje. Ukuta huo ukiwa mbali, ni heri kutoboa paa juu ya bafu na kuweka kofia maalumu ya bomba la hewa, huku bati lake la kuzuia maji likiingizwa chini ya vigae vya upande wa juu; kazi hiyo haifai kufanywa wakati wa barafu. Mahali pa kuepuka ni upenuni. Mafundi wengi hupapenda kwa kuwa hakuna haja ya kupanda juu ya paa, lakini matundu ya upenuni ndiyo yanayoingiza hewa darini, kwa hiyo mvuke uliotolewa pale huvutwa na kurudi ndani dakika hiyo hiyo.

Bomba lenyewe liwe la bati lisilo na mikunjo, fupi kadiri inavyowezekana na lenye kona chache, kwa maana kila mkunjo huipunguzia feni nguvu, na lile la plastiki lenye mikunjo lina kona mwanzo hadi mwisho. Feni nyingi hutaka bomba la inchi 4, na nyingine inchi 6. Feni yenye mdomo wa inchi 6 isibanwe kwa bomba la inchi 4. Maungio yafungwe kwa utepe wa foili ya alumini, kwa sababu ule wa kitambaa cha kijivu hukauka na kubanduka baada ya muda.

Jambo ambalo hurukwa mara nyingi, na ambalo ningekuomba usimame ulione kwa macho yako kabla fundi hajafunga zana zake, ni kulivisha bomba hilo sufi pande zote. Uliza sufi yenye kiwango cha R-8, ambacho ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipite. Bomba likitoka ukutani, lilazwe chini karibu na boriti za dari, liinamishwe kuelekea nje kwa takriban sentimita 2 kwa kila mita, kisha lifunikwe pia kwa sufi iliyotandazwa darini, ili likae kwenye ujoto. Likipanda kwenda paani haliwezi kuinamia nje, na hapo kinga pekee ni ufupi wake na unene wa sufi.

Kabla ya hayo yote, mpenyo kati ya sanduku la feni na ubao wa dari uzibwe kwa silikoni, kwani mvuke hupenya hapo hata feni ikiwa imezimwa. Kizuizi chepesi kilicho kwenye mdomo wa feni nacho kifunguke na kujifunga bila kukwama.

Kwa bafu la kawaida, feni ya futi za ujazo 50 kwa dakika inatosha. Iwekeeni swichi ya saa, iendelee kuvuta kwa dakika 20 hadi 30 baada ya kuoga, na chini ya mlango ibaki nafasi ya kama sentimita 2, maana feni haiwezi kutoa hewa isiyopata pa kuingilia.

SWALI: Nami nina tatizo kama hilo Portland, Maine, lakini darini kwetu mmejaa vijipande vyepesi vya rangi ya kahawia vinavyong'aa kama kokoto ndogo. Naweza kuvisogeza nipitishe bomba? 

JIBU: Usiviguse, ndugu. Hivyo vyaelekea kuwa vemikulaiti, madini mepesi yaliyokuwa yakimwagwa darini kuzuia baridi. Sehemu kubwa ya vemikulaiti iliyouzwa Marekani kati ya 1919 na 1990 ilichimbwa Libby, Montana, katika mgodi uliokuwa pia na madini ya asbesto, na Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo linashauri ichukuliwe kuwa ina asbesto na isivurugwe. Vumbi lake likivutwa mapafuni linaweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Usipande darini, usiwaruhusu watoto kucheza huko, wala usihifadhi vitu huko. Kama bafu lako lina ukuta unaopakana na nje, weka feni ya ukutani itoe mvuke moja kwa moja, bila kufungua dari. Kama halina, waite kwanza mafundi wenye leseni ya kuondoa asbesto, na fundi wa feni aje wakishamaliza.