Simu Umeinunua, Kufuli Bado Lao: Serikali Zidai Nini, Nawe Ukague Nini

Serikali zilishaingia kwenye suala la makufuli ya simu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Agosti 2014 jimbo la California, Marekani, lilipata sheria kwamba kila simu janja iliyotengenezwa kuanzia Julai 1, 2015 na kuuzwa humo iwe na njia ya mwenyewe kuifunga ikiibwa. Anayesema serikali haina kazi na namna kampuni inavyofunga kifaa chake amechelewa. La kuuliza ni kufuli lipi, linamlinda nani, na ukishamaliza kulipa ufunguo unabaki kwa nani.

Msimamo wetu ni huu: kufuli linalomlinda mwenye simu libaki, tena liimarishwe. Kufuli linalomwacha muuzaji aendelee kuwa bwana wa kitu alichokwisha kukiuza lidhibitiwe kwa sheria, na sheria hiyo iandikwe hapa kwetu Afrika Mashariki.

Kufuli la kwanza unalijua. iPhone ina Activation Lock tangu iOS 7 (iOS ni mfumo endeshi wa iPhone) ya mwaka 2013, na Android ina ulinzi wa aina hiyo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015. Mwizi akiifuta simu yote, ikiwaka inadai akaunti ileile iliyokuwamo. Ufunguo ni nywila yako. Hilo lisiguswe, na fundi anayetaka liondolewe kabisa kwa jina la uhuru wa mteja anawasafishia njia wezi.

Kufuli la pili limo kwenye spea. Tangu iPhone XR na XS za mwaka 2018, betri ina bodi ndogo ya umeme yenye namba yake, na bodi kuu inaikumbuka namba hiyo. Weka betri nyingine, hata uliyoitoa kwenye iPhone nyingine halisi: simu itafanya kazi, lakini itaandika kwamba betri haitambuliki na itaacha kukuonyesha afya yake. Kwenye iPhone 11 ujumbe wa namna hiyo ukaja kwa kioo. Kwenye iPhone 13 ya mwaka 2021 mambo yakawa mazito. Ukibadili kioo, Face ID inazimika, ilhali vifaa vya kutambua uso havimo kwenye kioo hicho. Fundi alilazimika kung'oa chipu ndogo kwenye utepe wa kioo cha zamani, chini ya darubini, kwa hewa moto, na kuihamishia kwenye kioo kipya. Hewa ikizidi kidogo utepe unaungua, na mteja aliyekuja na kioo kimoja kibovu anaondoka na viwili. Desemba mwaka huohuo likaja toleo la iOS 15.2, na Face ID ikarudi kwa kusasisha programu tu. Kama mistari ya programu iliweza kulifungua kufuli, basi si ufundi wa kioo uliolihitaji.

Kwa betri kuna jambo linalotutia hofu zaidi. Ili ule ujumbe usitokee, fundi anakata bodi ndogo ya betri ya zamani na kuichomelea kwenye seli mpya kwa mashine ya kuchomelea nukta. Seli ya lithiamu ikitobolewa, au kipande cha nikeli kikigusanisha ncha zake mbili, inawaka moto. Mtu anachomelea kitu kinachoweza kulipuka, kwenye meza yenye spiriti na vioo vya watu, kwa sababu ya maneno mawili matatu kwenye skrini. Ushauri wetu kwa mafundi: usifanye hivyo kama huna mashine inayopimika nguvu na mkono uliozoea. Shusha chaji iwe chini ya asilimia 25 kabla ya kufungua simu, weka betri mpya iliyo kamili na bodi yake ndogo, uache ujumbe utokee, na umwandikie mteja kwenye risiti kwamba utatokea na kwamba hauizuii simu kufanya kazi. Mteja aliyeambiwa mapema hagombani.

Yapo matengenezo yenye sababu halali ya kufungwa. Kihisi cha alama ya kidole kinazungumza na sehemu ya simu inayotunza siri, na kihisi bandia kinaweza kuwa mlango wa mwizi. Ni haki kampuni ikizima alama ya kidole mpaka kihisi kithibitishwe. Kuiua simu nzima si haki. Kati ya mwaka 2014 na 2016 iPhone zilizobadilishiwa kihisi hicho kwa mafundi wa nje zilikufa baada ya kusasishwa, zikionyesha kosa namba 53. Apple ikatoa marekebisho, na Juni 2018 mahakama ya Australia ikaitoza dola milioni 9 za nchi hiyo kwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kusaidiwa kwa vile walienda kwa fundi mwingine. Huo ndio mstari unaofaa kuandikwa kwenye sheria: zima kile tu kinachohatarisha siri, kingine chote kiendelee kufanya kazi.

Jimbo la Oregon, Marekani, liliuandika mstari unaokaribia huo. Sheria yake iliyosainiwa Machi 2024 inazuia kampuni kutumia namba za spea kuzima kipuri kizima, kupunguza uwezo wa kifaa au kuonyesha onyo la kupotosha, kwa vifaa vilivyotengenezwa baada ya Januari 1, 2025. Umoja wa Ulaya umepita njia nyingine. Tangu Juni 20, 2025 simu zinazoingia sokoni kwao lazima ziwe na spea zinazopatikana miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya hapo, na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Kampuni inayofunga spea kwa namba lazima iwape mafundi wenye sifa zana ya kuifungua, bila ubaguzi.

Wengi wetu hukaa tukisubiri matunda ya sheria hizo yatufikie. Yanayofika ni ya vyuma tu. Ulaya iliamuru chaja ya USB-C kwa simu kuanzia Desemba 28, 2024, Apple ikaibadilisha iPhone 15 mwaka mmoja kabla, na leo waya mmoja wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue unachaji simu zote za nyumbani. Hakuna kiwanda kitakachojenga tundu la aina mbili kwa sababu ya sheria ya nchi za watu. Programu haina shida hiyo. Machi 2024 Ulaya iliilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine ya programu kwenye iPhone. Simu inakagua uko nchi gani, na mtu wa Ulaya akikaa nje ya Umoja huo muda mrefu anapoteza baadhi ya ruhusa hizo. Simu ileile, mtu yuleyule, ila mpaka umevukwa. Spea zilizofungwa kwa namba zinafunguliwa kwa seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mtandaoni, na seva inaweza kubagua nchi vilevile. Kwa hiyo tundu la chaja tutalipata bure, lakini haki za programu hatutazipata mpaka sisi wenyewe tuziandike.

Na lipo kufuli moja ambalo sheria za Umoja wa Ulaya haziligusi kabisa, nalo linawabana watu wengi Tanzania, Kenya na Uganda: la simu ya mkopo.

Linafanya kazi hivi. IMEI ya simu, yaani namba yake ya utambulisho, imeandikishwa kwenye seva ya mkopeshaji, na programu ya kufuli imepewa mamlaka ya msimamizi wa kifaa, juu ya mamlaka yako. Usipolipa, seva inatoa amri na skrini inafungwa. Kufuta data zote hakusaidii, kwa sababu simu ikiwaka na kupata intaneti inaiuliza seva, na kufuli linarudi. Hatupingi mkopo wala kufuli lake; bila hilo watu wengi wasingeuziwa simu kwa malipo ya kila siku. Kasoro ziko pembeni. Malipo ya pesa za simu yakichelewa kuoanishwa na akaunti yako, unafungiwa ukiwa umelipa. Amri ya kufungua inakuja kwa intaneti, na simu iliyofungwa ndiyo uliyokuwa ukinunulia bando. Deni likiisha na IMEI isifutwe kwenye seva, ukimuuzia mtu mwingine simu hiyo inajifunga mkononi mwake. Na mkopeshaji akifilisika, seva ikazimwa, ufunguo unakwenda wapi?

Sheria inayotakiwa hapa inatosha ukurasa mmoja. Simu iliyofungwa iendelee kupiga namba za dharura, kupokea simu na kufungua huduma ya pesa ili mtu alipe. Mkopeshaji awe na namba ya kufungulia isiyohitaji intaneti. Ndani ya saa 24 baada ya malipo ya mwisho, IMEI iondolewe kwenye seva na mteja apate ujumbe wenye IMEI yake unaothibitisha hivyo. Funguo zote ziwekwe amana kwa mdhibiti, kampuni ikifa zitumike. Kuhusu programu hizo kuchungulia majina na ujumbe wa mteja hakuna haja ya sheria mpya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Zitumike tu.

Wanaopinga husema serikali zetu hazina ubavu wa kuzibana kampuni kubwa. Ubavu upo, nao uko kwenye karatasi ambayo kila simu inapaswa kuwa nayo kabla ya kuuzwa: idhini ya kifaa inayotolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Leo idhini hiyo inaangalia zaidi mawimbi na usalama. Iongezewe masharti machache: miaka ya masasisho ichapishwe kwenye boksi, spea nzima isizimwe kwa sababu ya namba yake, na masharti ya kufuli la mkopo yatimizwe. Modeli isiyotimiza isipewe idhini. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016, Kenya ilifanya hivyo tangu 2012, kwa hiyo kusema haiwezekani si kweli. Tahadhari moja: mwananchi asibebeshwe adhabu ya simu aliyoinunua dukani kwa nia njema. Kazi hiyo ifanyikie bandarini na kwa mwagizaji. Na ikifanywa kwa pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kampuni itakuwa inakataa soko la nchi nane, si la nchi moja.

Wakati sheria haijaja, ukinunua simu iliyotumika fanya haya mbele ya muuzaji, na usitoe hela kabla hujamaliza. Piga *#06#, linganisha IMEI na ya kwenye boksi na ya kwenye mipangilio. Ukiwa Tanzania itume namba hiyo kwenda 15090 ujue ni simu ya aina gani. Jibu likitaja modeli tofauti na iliyo mkononi, rudisha. Kisha muuzaji aondoe akaunti yake, afute data zote, na uiwashe upya ikiwa na intaneti mpaka ufike skrini ya kwanza. Intaneti ni lazima. Wapo wanaopitisha simu za ofisi na za mkopo kwa kuziwasha bila mtandao, kila kitu kinaonekana safi, halafu kufuli linatokea jioni ukiunga Wi-Fi. Kwenye iPhone, ukiona maneno Remote Management wakati wa kuiwasha, au juu kabisa ya Settings imeandikwa kwamba simu inasimamiwa na shirika fulani, achana nayo hata ikiwa nusu bei. Anayesema ataliondoa kufuli hilo analipita tu; siku utakayofuta data zote linaweza kurudi.

Kwenye iPhone ingia pia Settings, General, About, usome historia ya spea. Spea isiyotambulika si sababu ya kukataa simu, ila ni sababu ya kushusha bei. Tangu iOS 18, iPhone 12 na za baada yake zinaweza kukubali spea halisi iliyotoka kwenye simu nyingine kwa kumalizia matengenezo papo hapo kwenye ukurasa huo, isipokuwa simu iliyotoa spea iwe bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe. Kwa hiyo fundi anayenunua iPhone mbovu kwa ajili ya spea amwombe mwenyewe aingie iCloud, huduma ya mtandaoni ya Apple, kwa simu nyingine na kuiondoa kwenye akaunti yake kabla hajapokea malipo. Inawezekana hata simu ikiwa haiwaki. Ukishamlipa na akaondoka, kumpata tena ni kazi.

Aliye na simu ya mkopo atunze kila ujumbe wa malipo, na siku ya malipo ya mwisho aombe uthibitisho wa maandishi wenye IMEI. Kisha apeleke data zake kwingine, afute simu yote na kuiwasha ikiwa na intaneti, wakati bado namba ya mkopeshaji inapokelewa. Kufuli likirudi, lalamiko lipelekwe kwa mkopeshaji kwa maandishi kwanza, halafu kwa Tume ya Ushindani ukiwa Tanzania au Mamlaka ya Ushindani ukiwa Kenya, likiambatana na risiti, IMEI, tarehe ya malipo ya mwisho na picha ya skrini iliyofungwa, iliyopigwa kwa simu nyingine.