Maswali yenu: paka anayeshuka mti kichwa chini

SWALI: Ugonile mwandishi. Mimi ni mama wa hapa Tukuyu. Juzi paka wangu kakimbizwa na mbwa wa jirani akapanda kwenye mparachichi nyuma ya jiko, akakaa huko juu toka saa nne asubuhi mpaka jua linazama, analia tu, hadi kijana mmoja wa bodaboda akatuletea ngazi. Sasa mwanangu kanionyesha klipu kwenye simu, paka ana madoa kama chui anashuka mti kichwa chini mbio mbio kama kindi. Hiyo ni kweli au ndo hizi video za kutengeneza? Na kama ni kweli, kwenye msitu wa Mlima Rungwe hawapo? Mwanangu anataka wa kufuga.

JIBU: Ndaga mama, na pole, najua kilio cha paka aliyekwama kilivyo, hakuna atakayefanya kazi nyumba nzima.

Paka wako sio mjinga. Siku akiwa amelala mshike taratibu mguu wa mbele uminye kidole kidogo, utaona kucha inatokeza imepinda kama ndoano na ncha inaangalia nyuma. Akipanda, ndoano inashika gamba la mti vizuri kabisa. Akigeuka ashuke kichwa mbele haishiki kitu, anateleza. Na miguu ya nyuma haimsaidii maana kifundo chake hakigeuki, kwahiyo njia ni moja tu, ashuke kinyumenyume kama fundi anavyoshuka kwenye ngazi, na paka wengi hiyo hawaijui, wanakaa wanakusubiri wewe na ngazi yako.

Wa kwenye klipu kwa maelezo yako ni magei (margay), paka pori mdogo, na video sio ya kutengeneza. Huyu kifundo cha mguu wa nyuma kinazunguka nusu duara nzima, nyuzi 180, yaani wayo unageukia nyuma na kucha zinashika mti hata kama kichwa kiko chini. Anaweza kuning'inia kwenye tawi kwa mguu mmoja wa nyuma, alafu mikono yote miwili ikabaki huru kukamata kitu! Kwa ukubwa hampiti sana huyo wa kwako, kilo tatu mpaka nne hivi, ila mkia ni mrefu sana, unafika theluthi mbili ya mwili au zaidi, ndo anaotumia kujiweka sawa akiruka tawi hadi tawi. Macho makubwa, anatembea usiku, anakula panya, ndege, mayai, vyura wa mitini, mijusi, hata matunda.

Kwao ni mbali mama, kuanzia Mexico mpaka kaskazini mwa Argentina. Rungwe hayupo wala Afrika nzima hayupo. Kwetu paka mkubwa wa mitini ni chui, lakini kwa chui mti ni stoo ya nyama na kitanda, maisha yake mengine yako chini.

Kuna kisa chake kimoja nakipenda sana. Mwaka 2005, msitu wa Ducke karibu na mji wa Manaus, Brazil, watafiti walikuwa wanaangalia kundi la kima wadogo sana wanaitwa tamarini, wako nane wanakula kwenye mti jamii ya mkuyu. Wakasikia sauti ya mtoto wa tamarini analia. Mkubwa mmoja akawa anapanda na kushuka kuangalia kuna nini, na aliyekuwa analia ni magei kajificha kwenye kamba za miti anaigiza! Kwa bahati yule tamarini alishtuka akapiga kelele wote wakakimbia, paka akalala njaa. Wakazi wa Amazoni walikuwa wanasema siku nyingi kwamba paka wa porini wanaiga sauti za mawindo, ila nani aliwasikiliza.

Wewe wa Tukuyu hicho kisa unakijua, maana kwenu kilitokea vilevile. Wanyakyusa walikuwa wanamtaja mnyama anaitwa kipunji, wataalamu wakawa hawana uhakika kama ni mnyama kweli au hadithi tu, mpaka mwaka 2003 alipoonekana hapohapo Rungwe, na 2005 dunia ikatangaziwa kwamba ni aina mpya ya kima. Na shirika lililokuwa nyuma ya kazi zote mbili, ya Ducke na ya Rungwe, ni lilelile, WCS, shirika la kuhifadhi wanyamapori.

Kuhusu kufuga, mwambie mwanao hapana. Kukamatwa wafugwe ni mojawapo ya vitu vinavyowamaliza.

SWALI: Kamwene! Niko Mafinga. Huku kwetu miti ni mingi kuliko watu, paina na mikaratusi mpaka macho yanachoka, sasa nikisoma kwamba wanyama wa mitini wanaisha kwa kukosa miti sielewi, si wahamie kwenye mashamba ya miti?

JIBU: Kamwene kaka. Swali zuri na naona una shamba lako la paina unalitetea hapo, haya.

Ingia katikati ya shamba la miti la Sao Hill siku moja usimame. Miti ya umri mmoja, mistari imenyooka, matawi ya chini yamekatwa, chini ni majani makavu ya paina tu. Hakuna tunda, hakuna tundu kwenye shina la kulala, hakuna kamba za miti za kuvuka kutoka mti huu kwenda ule, na siku ya kuvuna inakatwa yote kwa pamoja. Paina ni mali, silaumu mtu, imesomesha watoto wengi huko kwenu. Lakini kwa mnyama wa mitini ni kama umempa nyumba yenye nguzo bila sakafu.

Magei anaona hivohivo. Misitu yao ikikatwa iwe malisho ya ng'ombe anabaki kwenye kipande, na uwanja wa wazi hapendi kuuvuka. Alafu uzazi wake ni wa taratibu mno, mimba karibu siku 80, mtoto kwa kawaida mmoja, na mama ana chuchu mbili tu, linganisha na paka wa nyumbani, mimba ya miezi miwili tu anakushushia wanne. Zamani waliuawa sana kwa ngozi, makoti ya wakina mama wa Ulaya na Marekani, na paka mdogo hivo koti moja linamaliza wengi. Biashara hiyo mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, umeifunga, ila msitu unaendelea kukatwa, na tangu 2008 yuko kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini kutoweka.

Kipunji naye hivohivo. Hesabu ya kwanza iliyotoka 2008 ilikadiria kama 1,100 tu, wengi Rungwe na Livingstone kule Kitulo, wachache sana Ndundulu upande wa Iringa. Kati ya Rungwe na Livingstone kuna ukanda mwembamba wa Bujingijila, na huo ukikatika, wa upande huu hawaonani tena na wa upande ule. Ukiwapandia paina hapo katikati hujawasaidia kitu.

SWALI: Uyole hapa. Kuna paka pori anakula kuku wangu usiku, madoa meusi mistari mistari, mkia mrefu una pete. Ndo huyo magei?

JIBU: Huyo ni kanu. Na sio paka, ni ndugu yake ngawa, ila kwenye kupanda miti ni fundi kweli. Sumu usiweke, utaua mbwa wa jirani na mwewe juu. Wafungie kuku kabla giza halijaingia na ubadilishe waya, weka wenye matundu madogo, maana kanu mwili wake mwembamba sana, kichwa kikipita na yeye amepita.