Mtoto haumwi, dawa za nini?

Muuguzi aliponiambia mwanangu wa miaka mitatu aanze dawa za TB, nilimkatalia. Mtoto anakula, anacheza, hakohoi. Kovu la BCG, chanjo ya TB, analo begani. Aliyekuwa na TB ni baba mdogo, tuliyekuwa tukiishi naye Tanga kwenye vyumba viwili, na vidonge vyake alishaanza. Wiki nzima nilishikilia neno langu: haumwi, dawa za nini?

Wazazi wenzangu, jibu nilipewa niliporudi mara ya pili.

Mdudu wa TB huingia na hewa hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya mapafu. Huko kuna askari wa mwili, seli ziitwazo makrofaji, kazi yao kumeza vijidudu. Kijidudu kingine kikimezwa hufungiwa ndani ya kifuko, kifuko hicho kikaungana na kingine chenye tindikali na vimeng'enya, kikasagwa humo. Huyu wa TB huzuia vifuko visiungane. Anaishi ndani ya askari yule yule aliyemmeza, akizaliana polepole, takriban mara moja kwa siku. Mwili huchukua wiki kadhaa kumtambua sawasawa, ndipo seli nyingine za kinga, zikiwemo ziitwazo CD4, huja kumzungushia boma. Kwa watu wazima wengi boma hilo halibomoki: kati ya 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio huja kuugua. VVU vikishusha CD4, au mtu akiwa na kisukari au lishe duni, boma hulegea.

Mtoto wa chini ya miaka 5 boma lake ni jepesi. Mdudu anaweza kutoroka ndani ya miezi michache, akafika hadi kwenye utando wa ubongo. BCG hupunguza hatari hiyo, lakini haimuui mdudu aliyekwisha kujificha. Hapo sikuwa na la kubisha.

Kwa hiyo nyumbani kwako akipatikana mgonjwa, usingoje mtoto akohoe. Mpeleke, na hakikisha anachunguzwa kwanza kama tayari anaumwa. Hilo msiliruke hata kidogo. Tiba kinga tuliyopewa ni dawa moja, isoniazidi, ilhali ugonjwa wenyewe huanza kutibiwa kwa dawa nne pamoja. Mtoto anayeumwa akipewa hiyo moja peke yake, watakaosalia ni wadudu sugu. Wangu alipimwa uzito, akasikilizwa kifua, akapigwa eksirei.

Miezi 6, kila siku. Dozi hufuata kilo, kwa hiyo kila tuliporudi kliniki alipandishwa kwenye mizani. Nilikuwa nakiyeyusha kidonge kwenye kijiko cha maji asubuhi, kabla ya chai. Mwezi wa tatu akaanza kukitema, nikakata tamaa kabisa. Babu yake, yule yule baba mdogo wangu, ndiye aliyeniokoa: alivuta kigoda, akanywa vyake mbele ya mjukuu, kisha wakafunguliana midomo kuhakikisha kila mmoja kameza.